Herufi Sitini na Sita: Kijana Mwigizaji Aliyezikwa Voi na Utanzu wa Maandishi ya Kaburini

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maandishi ya kaburini kama mojawapo ya tanzu fupi za fasihi ya maombolezo, na kuyalinganisha na tanzia, taabini na mbolezi. Mfano mkuu ni kaburi la kijana mwigizaji kutoka Australia aliyeuawa karibu na Maktau mwaka wa 1915 na kuzikwa Voi. Inadaiwa humu kwamba jiwe humkumbuka askari na kumsahau msanii, na kwamba mawe hayo hayawezi kusomwa ipasavyo bila kuusoma pia ukimya uliowafunika vijana wa Taita waliokufa katika vita hivyo hivyo.

Istilahi na mkanganyiko wake

Mwanafunzi aliyesomea Kiswahili katika shule ya upili nchini Kenya hufika chuoni akiwa amekwisha kukariri tofauti baina ya tanzia na taabini. Tanzia, kama alivyofunzwa, ni tangazo la kifo: nani amefariki, lini, wapi, ameacha nani, atazikwa wapi. Taabini ni hotuba au maelezo ya kumsifu marehemu, ambayo aghalabu husomwa mbele ya waombolezaji. Mbolezi ni wimbo, nao una mdundo, kiitikio na machozi ya hadhira ndani yake. Taazia haimhusu marehemu moja kwa moja; ni pole wanayopewa wafiwa.

Tofauti hizi ni za manufaa kwa mtahini kuliko kwa mhakiki. Wimbo wa mbolezi unaweza kutangaza kifo, na taabini iliyotungwa vyema huwapa wafiwa pole bila ya kutumia neno pole. Zaidi ya hayo, neno tanzia lenyewe lina maana ya pili ambayo walimu wa tamthilia wanaijua vizuri: ni aina ya mchezo wa kuigiza unaoishia katika maangamizi ya mhusika mkuu. Neno moja basi linabeba tangazo la gazetini na mchezo wa jukwaani. Katika mfano unaofuata, maana hizo mbili zinakutana juu ya mtu mmoja.

Utanzu ambao vitabu vya kiada huupita kimya ni maandishi ya kaburini. Huenda sababu ni ufupi wake, au huenda ni kwa kuwa katika mwambao wa Waswahili kaburi la kawaida halikuandikwa kitu. Kumbukumbu ya maiti ilikaa kwenye hitma, kwenye dua na kwenye tungo. Shaaban Robert, alipofiwa na mkewe Amina, alimwekea shairi, na shairi hilo limedumu katika kitabu chake cha maisha yake. Mwana Kupona, miongo mingi kabla yake, aligeuza utaratibu wote: hakungoja kuombolezwa, bali yeye mwenyewe aliyekuwa mgonjwa alimtungia binti yake utendi mwaka wa 1858 ili sauti yake ibaki nyumbani baada ya mwili kuondoka. Katika mapokeo haya msomaji haombwi kwenda makaburini. Anaombwa kufungua kinywa na kukariri.

Ndiyo maana makaburi ya vita yaliyoko Voi, Maktau na Taveta ni somo la pekee kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Ni maandishi mengi mafupi, yaliyotungwa kwa kanuni kali, yakasimamishwa katika ardhi ambayo watu wake waliwakumbuka wafu wao kwa njia nyingine kabisa.

Mwigizaji wa Collingwood

William Thomas Dartnell alizaliwa Collingwood, mjini Melbourne, tarehe 6 Aprili 1885. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani. Alioa mwaka wa 1907, na baadaye akaenda Afrika Kusini. Vita vilipozuka alijiunga na jeshi la Uingereza, katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, ambacho kilikusanya watu wa kila namna: wawindaji, wasafiri, wasanii na wazee ambao kwa kawaida wasingeruhusiwa kubeba bunduki. Frederick Selous, mwindaji mashuhuri aliyekuwa amepita umri wa miaka sitini, alikuwa katika kikosi hicho. Katika kumbukumbu za jeshi kijana wa Collingwood aliandikwa kwa jina la Wilbur Taylor Dartnell. Herufi za mwanzo ni zile zile, ila mtu ni kama mwingine, jambo lisilo geni kwa watu wa jukwaani.

Kikosi hicho kiliwasili Mombasa mwaka wa 1915. Wakati huo Taveta ilikuwa mikononi mwa Wajerumani tangu Agosti 1914, nao Waingereza walikuwa wakijenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi ili kufikisha maji, chakula na silaha katika uwanja wa mapambano. Reli ilipofika Maktau, kituo hicho kikawa kambi kubwa. Vichaka vilivyoizunguka vilikuwa vya watu wa doria na wa kuvizia.

Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, kikundi cha askari wapanda farasi na nyumbu kilipambana na adui aliyekuwa amefika hatua chache tu kutoka kwao. Dartnell alijeruhiwa mguuni. Alipokuwa akibebwa kuondolewa aliona kwamba majeruhi wengine, walioumia zaidi, hawangeweza kuchukuliwa. Akasisitiza aachwe pamoja nao, kwa tumaini la kuwaokoa. Aliuawa akiwa na umri wa miaka 30. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo ilitangazwa kwamba ametunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Uingereza, na mwaka uliofuata mjane wake akaipokea mjini Melbourne. Mwili wake ulizikwa Voi, nao uko huko hadi leo.

Hayo ndiyo yanayojulikana na wengi, nayo karibu yote yanahusu siku moja. Miaka yake ya jukwaani haikuacha karibu chochote. Kazi ya mwigizaji wa zama zile haikuwa na kanda wala filamu. Ilimalizika pazia liliposhuka. Mchoraji akifa kijana hubaki picha, na mshairi hubaki daftari. Mwigizaji hubaki katika masikio na macho ya waliomwona, nao pia hufa. Hivyo Dartnell alipotezwa mara mbili, na ushujaa wake ndio uliokamilisha upotevu wa pili: nishani iling'aa mno hata usanii ukafifia.

Hati rasmi ya nishani inastahili kusomwa kwa jicho la kihakiki pia. Inaeleza kwamba marehemu aliamua kubaki kwa kuwa alijua askari weusi wa adui walikuwa wakiwaua majeruhi. Sentensi hiyo inafanya kazi mbili kwa pamoja. Inamkweza mmoja, na papo hapo inawapaka matope wengine wasiotajwa kwa majina wala kupewa nafasi ya kujieleza. Sifa ya marehemu mmoja kujengwa juu ya lawama kwa kundi zima ni mbinu kongwe katika taabini za kivita, na mwanafunzi anayechambua maandishi ya aina hii asiipite kwa kuwa tu imevaa joho la serikali.

Kanuni ya herufi

Makaburi haya yanatunzwa na Tume iliyoundwa mwezi Mei 1917, ambayo tangu 1960 inaitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kanuni yake ya msingi ilikuwa usawa: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, juu ya jiwe au ukutani, bila kujali cheo, rangi wala dini. Mawe yana umbo moja. Cheo, jina, kikosi, tarehe na umri vimepangwa kwa utaratibu mmoja. Chini kabisa familia iliachiwa nafasi ndogo ya kusema lake. Nafasi hiyo haikuzidi herufi 66, mianya baina ya maneno ikihesabiwa, na hapo mwanzo familia ilitakiwa kulipa senti tatu na nusu za Kiingereza kwa kila herufi, malipo ambayo baadaye yakawa ya hiari. Familia za New Zealand hazikupewa nafasi hiyo kabisa, kwa kuwa serikali yao iliona kwamba maneno ya mwenye fedha yangevunja usawa.

Huu ni mgogoro halisi wa kifasihi. Mama aliyefiwa na mwanawe mpiga kinanda au mcheza jukwaa anapewa karatasi yenye vijisanduku 66. Ataandika nini? Wengi walikimbilia Biblia na nyimbo za kanisani, kwa sababu maneno yaliyokwisha kutakaswa na watu wengi humlinda mfiwa dhidi ya aibu ya kutafuta yake. Matokeo yake ni kwamba mawe mengi yanafanana katika mstari ule ule mmoja uliokusudiwa kuyatofautisha.

Kwa Kiswahili zoezi hili lina mvuto wa pekee kutokana na maumbo ya kitenzi chetu. Neno "tutamkumbuka" lina herufi 12 tu, na ndani yake mna mtenda, wakati, mtendwa na tendo; Kiingereza kinahitaji maneno manne kusema hayo. Tuchukue maandishi haya, yaliyobuniwa kwa ajili ya somo hili tu na yasiyo juu ya jiwe lolote:

Aliigiza, akatuchekesha, pazia lilishuka mapema. Mama na nduguze

Ni herufi 64, alama na mianya ikihesabiwa. Lililo muhimu zaidi ni uchaguzi wa viambishi. Kiambishi "ka" katika "akatuchekesha" kinafuatisha tendo moja na lingine, kama inavyokuwa katika hadithi: aliigiza, na kwa hiyo tukacheka. Msomaji anatarajia mfuatano uendelee, yaani "pazia likashuka". Badala yake panakuja "lilishuka". Kama ingekuwa "likashuka", kifo kingekuwa tukio la tatu katika mlolongo wa kawaida. "Li" inaukata mlolongo huo. Pazia halikushuka kwa sababu mchezo ulimalizika. Lilishuka lenyewe, nje ya mpango wa mchezo. Kiambishi "tu" nacho kimewaingiza waliobaki ndani ya jiwe, kwani waliochekeshwa ndio wanaoandika. Hakuna sifa iliyotajwa waziwazi, si "mahiri", si "kipenzi cha wote", si "mwenye kipaji". Maneno hayo, ambayo taabini zetu za magazetini zimeyachosha, hayamwelezi mtu yeyote kwa sababu yanamfaa kila mtu.

Kasighau, wiki chache kabla

Mtu anayesimama makaburini Voi akatazama kusini, siku isiyo na ukungu, huona mlima wa Kasighau ukijitokeza peke yake nyikani. Mwezi wa Agosti 1915, majuma machache kabla ya Dartnell kuuawa, Wajerumani waliiteka ngome ndogo ya Waingereza iliyokuwa huko. Waingereza waliwashuku wenyeji kwamba wamewasaliti. Makazi ya Wakasighau yalichomwa moto, nao wakahamishwa jamii nzima hadi upande wa Malindi, pwani, katika joto na homa ambazo watu wa mlimani hawakuzizoea. Wengi walifia huko. Walionusurika walirudi katika mlima wao miaka ya 1930, baada ya miongo miwili.

Katika jamii ya watu mamia kadhaa hapakosi mtunzi wa nyimbo. Hapakosi kijana anayejua kupiga ngoma kuliko wenzake, wala msichana ambaye wengine humpisha aanzishe wimbo. Tunajua hivyo kwa sababu ndivyo jamii zote zilivyo. Wakasighau waliokufa uhamishoni walizikwa katika ardhi ya ugenini, mbali na mapango ya ukoo. Hilo halikuwa jambo dogo. Katika milima ya Taita desturi ya zamani ilikuwa kuyafukua mafuvu ya wazee baada ya muda wa kuzikwa na kuyaweka chini ya mwamba, katika pango la ukoo, ambako walio hai waliweza kuwaendea na kuzungumza nao. Pango lilikuwa jiwe la kaburi, isipokuwa halikuwa na herufi. Aliyehitaji kujua nani ni nani aliuliza wazee. Kufia Malindi kulimaanisha kukosekana katika orodha hiyo isiyoandikwa.

Makaburi ya Voi ni ya kweli, na huzuni ya mjane wa Melbourne ilikuwa ya kweli. Kusema hayo si kumpunguzia Dartnell chochote. Ila mwanafunzi akiufundisha utanzu huu kwa kutumia mawe peke yake, atakuwa amefundisha nusu ya somo.

Tahajia ya usahaulifu

Nusu ya pili inawahusu pia wapagazi. Waingereza hawakuweza kupigana vita vya Afrika Mashariki bila ya watu wa kubeba mizigo kichwani, na mamia ya maelfu waliandikishwa, wengi wao kwa kulazimishwa. Makadirio rasmi ya waliokufa upande wa Waingereza yanazidi 90,000, na kilichowaua mara nyingi hakikuwa risasi. Ni kuhara damu, malaria, njaa na uchovu. Walikuwa vijana. Waliandikishwa kwa nambari na katika orodha za mishahara, na mishahara ya maelfu waliokufa haikuwafikia warithi wao.

Tume iliyoahidi jina kwa kila mfu haikutimiza ahadi hiyo kwao. Wakuu wa zama zile walikubali hoja kwamba Mwafrika hangethamini jiwe la kaburi, na badala ya majina pakajengwa sanamu za jumla. Iliyoko Nairobi, yenye askari na mpagazi, ilisimamishwa mwaka wa 1928; Dar es Salaam ilikuwa imepata yake 1927. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Aliyetunga maneno ya Kiingereza ni Rudyard Kipling. Anawaambia waliokufa, kwa muhtasari, kwamba hata wakifa wakiipigania nchi yao, watoto wao watayakumbuka majina yao.

Kipling alijua alichokuwa akikigusa. Mwanawe wa pekee, John, mwenye umri wa miaka 18, alipotea vitani huko Loos, Ufaransa, tarehe 27 Septemba 1915, siku 24 baada ya Dartnell kuuawa Maktau. Mwili haukutambuliwa Kipling alipokuwa hai. Baba huyo aliingia katika Tume, akawa mtunzi wa maneno yake, na miaka yake yote iliyobaki hakuacha kutafuta mahali mwanawe alipolala. Ni mtu aliyejua thamani ya jina moja juu ya jiwe moja. Hata hivyo maneno aliyowatungia wapagazi yanawakabidhi watoto wao kazi ya kukumbuka majina ambayo Tume yenyewe haikuyachonga. Kisarufi, sentensi hiyo iko katika wakati ujao, na mtenda si mjenzi wa sanamu. Serikali imejitoa katika kitenzi. Mfano mzuri zaidi wa namna sarufi inavyoweza kuhamisha wajibu ni vigumu kuupata hata katika hotuba za kisiasa.

Mwaka wa 2021 Tume ilichapisha ripoti iliyokiri kutokuwepo kwa usawa huo. Ripoti ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi.

Jambo moja linabaki kwa wasomi wa lugha hasa. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza jina ambalo midomo ya Waswahili ililifinyanga upya kwa kuongeza irabu na kuilainisha konsonanti ya mwisho. Mahali walipopiga kambi Nairobi pakaitwa Kariokor, na Dar es Salaam pakaitwa Kariakoo. Hakuna aliyelipia herufi hizo, na wala hazikuidhinishwa na Tume yoyote. Kila asubuhi utingo wa matatu hulitamka jina hilo kwa sauti, muuzaji wa vitunguu hulitaja akielekeza mteja, na mtoto huliandika kwenye bahasha. Wengi hawajui kwamba wanawataja wafu.

Kazi ya darasani

Mwalimu anayetaka kutumia makala haya anaweza kuanza na zoezi la vijisanduku. Kila mwanafunzi amfikirie kijana mmoja wa ukoo wake aliyefariki kabla ya wakati na aliyekuwa na jambo la ubunifu mikononi: ushonaji, uimbaji, uchongaji, uigizaji wa vichekesho vya shuleni. Amwandikie herufi zisizozidi 66. Asitumie kivumishi hata kimoja cha sifa. Ataje tendo ambalo marehemu alilifanya na ambalo mtu mwingine wa familia hiyo asingelifanya. Kisha darasa lijadili viambishi vya wakati: ni nani aliyetumia "ali", ni nani aliyetumia "hu", na je, "hu" inaweza kutumika kwa mtu asiyekuwepo tena? Wapo watakaoandika "huimba". Swali hilo la mwisho halijibiwi na vitabu vya sarufi, na wanafunzi wa Taita, ambao babu zao waliwaendea wafu mapangoni na kuzungumza nao, huenda wakawa na la kusema kuhusu hilo kuliko mwalimu wao.